Ni kidole tu: vitu vinavyoangukia miguu kazini

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Shida yao ilikuwa ulimi, lakini kidole nacho kikapata hukumu yake humo humo: kikawa kipimo cha maumivu yasiyo na uzito. Angalia kinachotokea mtu akiangukiwa na kitu mguuni kazini. Wenzake wanacheka kwanza, kwa sababu mtu anayerukaruka kwa mguu mmoja huku akikitukana chuma anachekesha kweli. Kisha yeye mwenyewe anasema "ni kidole tu". Kisha anamaliza zamu akichechemea, na kesho yake buti haliingii.

Nimefanya kazi kwenye maghala na karakana kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza. Mimi si daktari. Lakini ukikaa na ufunguo ule unajua mambo ambayo mabango ya usalama hayasemi: nani alikuja, alikuja baada ya muda gani, na alikuwa anafanya nini kitu kilipotokea. Majeraha ya mikono huja mbio, damu ikidondoka. Majeraha ya macho huletwa na mtu mwingine, amemshika mwenzake mkono. Ya miguu huja jioni, watu wakibadili nguo, na mwenyewe anakuomba radhi kwa kukusumbua.

Kilichonifanya niandike ni imani tuliyoiweka kwenye buti la usalama. Buti hilo limepimwa kwa kazi moja, kwa vipimo vinavyojulikana, nasi tumelibebesha kazi nyingine ambazo halikuwahi kupimiwa. Miguu mibaya zaidi niliyoiona iliumia hapo katikati, kati ya kilichopimwa na tunachoamini. Tena wenyewe walikuwa wamevaa buti, na wengine walikuwa wamefunga kamba vizuri kabisa.

Jouli 200 ni nini

Buti lililotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa huwa na namba ISO 20345, mara nyingi kwenye ule ulimi ulio chini ya kamba. Maana yake ni kwamba kofia ya vidole, yaani ile sehemu ngumu ya mbele, iwe ya chuma, ya alumini au ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, inatakiwa kustahimili pigo la jouli 200 (jouli ni kipimo cha nishati) na mgandamizo wa kilonyutoni 15. Huo mgandamizo ni sawa na kushushiwa polepole mzigo wa tani moja na nusu. Pigo la jouli 200 ni chuma cha kilo 20 kinachoachiwa kutoka kimo cha mita moja na kidogo.

Hesabu yake ni nyepesi: kilo, mara mita, mara 9.81, ambayo ni namba ya mvutano wa dunia. Kilo 20 kutoka mita moja ni jouli 196. Kilo 50 kutoka sentimita 40 tu, kimo cha goti hivi au chini yake, ni 196 zile zile. Nyundo ya kilo 2 iliyomponyoka mtu aliye juu ya jukwaa, mita 10 kutoka chini, nayo ni 196. Kila nilipoandika hesabu hii ubaoni kulikuwa na mtu aliyebisha. Kuna wanaoogopa uzito na kuna wanaoogopa urefu, lakini wachache huviogopa vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana utamkuta mtu anazunguka mbali na mzigo unaoninginia kwenye winchi, halafu anasimama kwa raha chini ya fundi mwenye spana.

Kuna jambo ambalo karibu hakuna anayeambiwa siku anapokabidhiwa buti. Kofia kufaulu mtihani hakumaanishi kwamba haikubonyea. Wanaopima huweka ndani ya buti kipande cha udongo laini wa kufinyangia, wakapiga, kisha wakakitoa na kupima kimebaki na kimo gani. Kwa saizi 42 kinatakiwa kibaki na milimita 14 au zaidi. Sasa chukua rula upime unene wa kidole gumba cha mguu wako. Kiwango kimekusudia uondoke na vidole vyako. Habari za ukucha hakijazigusa.

ISO 20345 ina ndugu wawili wanaofanana nayo sana kwa nje. ISO 20346 ina kofia ya jouli 100. ISO 20347 ni viatu vya kazi visivyodaiwa kofia yoyote. Vinaweza kuwa na soli nzuri isiyoteleza, ngozi nene na sura ya kibabe, lakini mbele ni ngozi tu. Mabuti yenye alama ya Kimarekani ya ASTM F2413 huandikwa I na C (ya zamani I/75 na C/75). Ile C ni mgandamizo, na ile I ni pigo la futi-pauni 75, kama jouli 102. Sisemi ni mabaya. Nasema kwamba ghala moja linaweza kuwa na jozi tatu zilizopangwa rafu moja, zote nyeusi, zote zinaitwa "sefti", na kila moja inakulinda kwa kiasi tofauti. Anayenunua akiangalia sura na bei tu, anayevaa ndiye atakayeusoma huo mtihani kwa mguu wake.

Na kabla sijasahau, kuna ile hadithi ya kofia ya chuma inayokata vidole. Kila mahali nilipofanya kazi palikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyemjua mtu ambaye vidole vyake vilikatwa na kofia ya buti lake mwenyewe, basi yeye anavaa raba. Mzigo wenye nguvu za kuikunja kofia ile mpaka ifike kwenye soli ni mzigo ambao mguu usio na kofia ungesagika chini yake. Kinachotakiwa kuulizwa ni kwa nini mzigo wa namna hiyo ulikuwa juu ya mguu wa mtu. Lakini hadithi ile ni tamu, na raba ni nyepesi, kwa hiyo haitakufa leo.

Kofia inaishia wapi

Vua buti lako. Bonyeza kwa kidole gumba cha mkono ukianzia mbele, ukirudi nyuma taratibu. Utahisi ugumu, ugumu, halafu ghafla ukingo, halafu ngozi tupu inayobonyea. Kuanzia hapo mpaka kwenye kamba hakuna ulinzi wowote dhidi ya kitu kizito. Na chini ya hiyo ngozi ndipo mguu ulipojengwa.

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Mifupa 14 ni ya vidole. Mitano ni ile mirefu inayoanzia kwenye vidole kurudi nyuma, ambayo madaktari huiita metatasali. Saba iliyobaki imebanana kuelekea kisigino na kifundo. Kofia inafunika vidole, tena si mpaka mashinani. Ile mitano mirefu, iliyo karibu kabisa na ngozi (pitisha kidole juu ya mguu wako utaihesabu), imebaki nje.

Yapo mabuti yenye ngao ya ziada sehemu hiyo, nayo hupewa herufi M kwenye alama za ISO, au Mt kwenye zile za Kimarekani. Ni mazito kidogo, hukunjika kwa shida mtu akichuchumaa, na watu huyalalamikia. Kwa mtu anayekaa ofisini na kupita karakana mara moja kwa wiki ni mzigo bure. Kwa anayeshusha mabomba, anayefanya kazi ya kuyeyusha na kumimina vyuma, au anayevunja kuta, ningeyapigania mpaka mkuu wa stoo anichoke.

Fundi mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa anafungua mfuniko wa pampu kubwa. Mfuniko uliponyoka ukampata juu ya mguu, nyuma kidogo ya kofia. Buti lilikuwa zima, halina hata alama. Wenzake wakaliangalia buti, wakaona ni zima, wakahitimisha kwamba na mguu ni mzima. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye benchi. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Wiki zikapita, bado anakanyagia kisigino, na maneno yakaanza: anajidekeza, anataka likizo. Alipopigwa picha nyingine, safari hii akiwa amesimama na uzito wake juu ya mguu ule, pengo likaonekana kati ya mfupa wa kwanza na wa pili. Akafanyiwa upasuaji, akawekwa skrubu.

Jeraha lile lina jina la daktari mpasuaji Mfaransa, Jacques Lisfranc, aliyeishi zama za vita vya Napoleon na kueleza namna ya kuukata mguu uliooza kwa kupitia maungio hayo. Hapo ndipo mifupa mirefu inapokutana na ile ya katikati ya mguu. Mfupa wa pili umeingizwa kitako chake ndani zaidi ya wenzake, umebanwa huku na huku, na unashikwa na kano imara. Kano hiyo ikikatika au mfupa ukihama hata milimita chache, tao la mguu linalobeba kila hatua linalegea. Mgonjwa akiwa amelala kitandani, mifupa inaweza kurudi mahali pake na picha ikatoka safi. Inakadiriwa kwamba karibu jeraha moja kati ya matano ya aina hii hupita bila kugundulika mara ya kwanza.

Dalili moja niliyofundishwa, ambayo tangu hapo sijaacha kuiangalia, ni kugeuza mguu na kutazama chini. Kitu kimeanguka juu, lakini wekundu au weusi wa damu iliyovilia unaonekana kwenye unyayo, katikati. Ukiuona huo, au mtu akishindwa kabisa kukanyagia sehemu ya mbele ya mguu, achana na habari za kidole. Mpeleke hospitali, na kama picha ya kwanza ni safi lakini maumivu hayaondoki, arudi aulizie picha ya kusimama. Watu huona haya kumrudia daktari wakiwa na picha safi mkononi. Hakuna cha kuonea haya hapo.

Huwezi kuruka

Ushauri ambao mwangukiwa hupewa bure ni "si ungeruka". Kitu kikidondoka kutoka benchi la kimo cha sentimita 80 kinafika chini ndani ya sekunde 0.4. Kutoka mita moja, 0.45. Mtu aliyetulia, macho mazima, anayekingoja kitu kitokee, anahitaji kama sekunde 0.2 ili mwili uanze tu kuitikia alichokiona. Asiyekingoja anahitaji zaidi. Halafu mguu unaotaka kuukwepesha huenda ndio uliousimamia, na huwezi kuunyanyua kabla hujahamishia uzito kwenye mwenzake. Muda umeisha.

Mwili nao una tabia nyingine mbaya zaidi. Badala ya kuukwepesha mguu, unautoa. Chombo kinaponyoka, mguu unajinyoosha wenyewe kukipokea kisivunjike, vile vile unavyotuliza mpira. Nimeona mtu akipokea betri ya lori namna hiyo. Wacheza mpira wa jioni ndio wabaya zaidi, na sijui utawafundishaje kuacha.

Kwa hiyo mguu hauokolewi wakati kitu kiko hewani. Ama umeokolewa kabla, ama basi. Hapa ndipo ninapotofautiana na semina nyingi nilizokalishwa, ambazo huanza na kuisha kwenye viatu.

Ukimuuliza mtu kitu kilianguka vipi, jibu ni moja: kiliponyoka. Nikajifunza kuuliza vingine: kabla hakijaponyoka, kilikuwa kimeshikiliwa na nini? Majibu yakaanza kufanana.

Mara nyingi kilikuwa kimeshikiliwa na bolti ya mwisho. Kufungua ni hatari kuliko kufunga, na sababu yake ni hii: unapofunga, kila bolti inakuongezea usalama, unapofungua, kila bolti inakupunguzia, na ya mwisho inabeba kila kitu bila kukupa taarifa. Mfuniko uliokaa miaka kumi umegandiana na gasketi, unauamini, unaondoa bolti zote, unaugonga kidogo kwa nyundo, nao unaachia wote kwa mara moja. Mafundi wazuri niliowahi kuwaona huacha bolti mbili za juu zimelegezwa lakini hazijatoka, wanaubandua mfuniko kwanza, kisha wanaufunga mnyororo au wanaweka kitu chini yake, ndipo wanazitoa. Inachukua dakika chache zaidi. Fomeni mwenye haraka ataona ni uvivu.

Au kilikuwa kimeshikiliwa na chuma kinachokatwa. Mtu anakata bomba kwa grainda, akili yote iko kwenye cheche na mstari wa kukatia, macho yako nyuma ya miwani. Kipande kinachobaki hakina jukwaa. Kinapokatika kinashuka wima, na kilicho chini yake ni mguu wa yule yule anayekata, kwa sababu amesogea karibu ili amalizie vizuri. Wakata mbao na wakata mawe wanalijua hili. Kigogo cha kuegemezea upande wa kipande kinachoanguka kingetosha, au hata kusimama upande ule mwingine.

Au kilikuwa mikononi mwa watu wawili. Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mmoja anatoa, mmoja anapokea. "Chukua." "Nimeshika." Anayetoa akisikia hivyo anaachia, kumbe mwenzake ameweka mikono tu, uzito bado haujamfikia, vidole vinatafuta mahali pa kukamata. Tulibadilisha utaratibu: neno la kuachia linatoka kwa anayepokea, naye halitamki mpaka ameubeba mzigo wenyewe na kuusikia mgongoni. "Achia." Ni neno moja, lakini lilibidi lirudiwe miezi mingi, kwa sababu anayetoa ndiye aliyechoka na mikono yake ndiyo inayouma.

Mizigo ya safari nayo ina mambo yake. Kilichopangwa vizuri asubuhi kwenye lori hakijapangwa vizuri jioni. Kimetikiswa, kimehama, kimeegemea mlango. Anayefungua mlango anasimama mbele yake, uso kwa uso. Simama pembeni, ufungue upande mmoja kwanza, chungulia. Na vitu vya duara, mabomba, mapipa, mitungi, huwa vinasubiri tu mtu aondoe kabari.

Mtungi wa gesi ya kuchomelea ninautaja peke yake. Mkubwa wa chuma hufikia kilo 60 na zaidi, mrefu kama mtu, na watu wamezoea kuuzungusha kwa ukingo wa kitako chake, mkono mmoja kichwani, wakitembea nao kama wacheza dansi. Ukikuelemea hutauzuia. Ukijaribu kuuzuia kwa mguu, hesabu ya jouli 200 imeshapitwa mbali, na ukivunjika vali kichwani, mguu ndio utakuwa jambo dogo kuliko yote siku hiyo. Toroli yenye mnyororo ipo kwa kazi hii. Kwa kawaida iko ng'ambo ya pili ya karakana, na ndiyo sababu haitumiki. Tulipoihamishia karibu na mitungi ilianza kutumika bila mtu kupewa semina yoyote.

Kwenye majukwaa, ubao wa kingo unaozunguka ukingo wa sakafu, na kamba fupi ya kufungia zana kiunoni au kwenye mkono, vinazuia mambo ambayo hakuna kofia ya buti itakayoyazuia. Hilo linajulikana, linalokosekana ni kulifanya.

Mahali ambapo hakuna anayevaa buti

Tunapenda kuyafikiria majeraha haya kuwa ya karakana. Chupa kubwa ya maji ya kunywa ya ofisini, ile ya lita 18.9 inayogeuzwa juu ya mashine, ikijaa ina karibu kilo 20. Anayeiinua anaifikisha kimo cha mita moja. Kwa hesabu zetu za mwanzo, hilo ndilo pigo la maabara lenyewe, tena linafanywa na mtu aliyevaa kandambili au viatu vya wazi, mikono ina unyevu, na wenzake wanamwambia aharakishe wana kiu. Kweli chupa ni ya plastiki, inabonyea na kutawanya sehemu ya nguvu, lakini kitako chake kikitua kwa ukingo vidole vitaisikia.

Jikoni za hoteli kuna sufuria za mchuzi unaochemka, vyakula vilivyogandishwa vigumu kama mawe, na visu. Kisu kinachodondoka ni kitu kimoja ambacho mkono na mguu vyote vinatakiwa vikiache. Rudi nyuma, mikono juu. Hospitalini kuna mitungi ya oksijeni inayobebwa na wauguzi wenye malapa. Maktaba wana ngazi na vitabu vizito. Hakuna kati ya hawa anayehesabiwa kwenye orodha ya wanaogawiwa buti, na kwa wengi wao buti kamili lingekuwa kichekesho. Kiatu kilichofunika mbele, cha ngozi, kinachokaa vizuri mguuni, kingewatosha kwa sehemu kubwa.

Kukaa vizuri mguuni, hilo nalo. Wanawake wengi niliofanya nao kazi walikuwa wakipewa mabuti ya kiume ya saizi ndogo, mapana kuliko miguu yao, wakajaza soksi mbili. Mguu ukiteleza ndani ya buti, vidole havipo tena chini ya kofia pale vinapotakiwa kuwa. Ukingo wa nyuma wa kofia ndio unaoweza kutua juu yake. Buti la kurithi kutoka kwa aliyeacha kazi lina shida hiyo hiyo.

Saa ya kwanza

Kitu kikimwangukia mtu mguuni, mkalishe. Legeza kamba zote mapema, kabla mguu haujavimba, na buti litolewe taratibu kama linakubali. Likigoma au mguu umepinda, usilivute. Kamba na ngozi hukatwa, na kama hujui la kufanya liache hivyo, umpeleke. Mguu uinuliwe juu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, si barafu tupu juu ya ngozi. Kidonda kilicho wazi kifunikwe kwa kitu safi, na suala la chanjo ya pepopunda liulizwe hospitalini, maana chuma cha karakana si kisafi.

Damu ikivilia chini ya ukucha, ukucha unakuwa mweusi na maumivu yanapiga kwa mapigo ya moyo usiku kucha. Mhudumu wa afya anaweza kutoboa tundu dogo na ahueni ikaja papo hapo. Mafundi wanapenda kujifanyia wenyewe kwa sindano iliyochomwa moto. Naomba wasifanye: chini ya ukucha ule huenda kuna mfupa uliovunjika, na tundu chafu ni mlango wa wadudu kuingia kwenye mfupa. Ukucha wenyewe ukitoka, mpya utachukua mwaka hadi mwaka na nusu kukua wote. Kidole kilichovunjika bila kuhama kwa kawaida hufungwa na jirani yake na kupona ndani ya wiki nne hadi sita.

Jambo la kutisha kuliko mfupa ni uvimbe. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya vifuko vya utando usiotanuka. Mguu ukisagwa, damu na maji hujaa humo, mgandamizo unapanda, na damu mpya inashindwa kuingia. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, hayalingani na unachokiona kwa macho, dawa haiyagusi, na vidole vikinyooshwa na mtu mwingine mgonjwa anapiga kelele. Ngozi imekaza, ganzi inaanza. Hilo ni la dharura, usiku huo huo, kwa sababu misuli haikai muda mrefu bila damu.

Mwenye kisukari anahitaji sentensi yake. Mishipa ya fahamu ya miguu yake inaweza kuwa imekufa ganzi, kwa hiyo "haiumi" yake si habari njema. Kila anapoangukiwa na kitu, soksi ivuliwe na mguu ukaguliwe, hata kama anacheka.

Kisha andika kwenye daftari. Najua kwa nini watu hawaandiki. Mahali pamoja nilipofanya kazi palikuwa na bao kubwa getini linalohesabu siku zilizopita bila ajali, na zawadi kwa wote hesabu ikifika mbali. Nia ilikuwa nzuri. Matokeo yake yalikuwa kwamba aliyevunjika kidole alijua akikiri atawanyima wenzake zawadi, basi akakificha ndani ya buti. Bao likazidi kupendeza. Kama unasimamia watu, ling'oe bao hilo, uhesabu badala yake vitu vilivyoanguka bila kumpata mtu. Hivyo watu wanavitaja bila woga, na kila kimoja kinakuonyesha mahali kingine kitakapoangukia.

Kuhusu nani analipia mabuti, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ibara ya 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo ulipandishwa ukawa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Mwajiri anayekata bei ya buti kwenye mshahara anaweza kuonyeshwa ibara hiyo, kwa adabu.

Na buti lililopigwa limemaliza kazi yake, hata kama linaonekana zima. Kofia ya chuma ikibonyea, nafasi ya vidole imeshapungua. Ya nyuzi za kioo inaweza kupasuka ndani bila alama yoyote nje, na pigo la pili halitakuta kitu cha kulizuia. Jozi yote inabadilishwa. Usiitupe tu kwenye pipa la taka, kwa maana kuna kibarua ambaye hakupewa buti, ataikuta, ataipiga brashi na kuivaa Jumatatu. Ichane kwa kisu kwanza, kisha mtafute huyo kibarua umwandikishe jozi yake.